Msitu Nao Ni Mali ya Ushirika



Twashukuru kwa kupewa nafasi hii katika siku ya furaha ya kutimiza miaka 10 ya Chama chetu. Waliotutangulia kusema wameeleza habari za korosho, ufuta, mizani na ghala. Sisi twaomba ruhusa kusema juu ya mali ambayo haikuandikwa katika vitabu vyetu vya hesabu, nayo ni msitu.

Sisi tu majirani wa Msitu wa Hifadhi wa Ruvu Kusini, uliolala katika Kibaha na Kisarawe. Mahali palipokuwa na mikongo na mipingo, leo pengi pamebaki visiki na majivu ya matanuri. Mkaa huenda Dar es Salaam, mji unaotumia mkaa mwingi kuliko mji mwingine wowote nchini. Ni desturi yetu kumlaumu mtu wa mjini. Lakini na tuseme kweli: anayeshika shoka ni nani? Mara nyingi ni mwanachama mwenzetu, ambaye mikorosho yake haikuzaa, au malipo yake yamechelewa, na mtoto ahitaji daftari. Hata siku ile sisi wa Halmashauri tulipokutana kuzungumza juu ya kulinda msitu, chai yetu ilichemshwa kwa mkaa uliotoka msituni humo humo. Tulitazamana, tukaona haya.

Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Katika tanuri la udongo, kilo 10 za kuni kavu hutoa kilo 1 au 2 tu za mkaa. Zilizobaki huishia kuwa moshi na majivu. Tena hasara haiishii kwenye miti. Udongo uliovuliwa majani huchukuliwa na mvua mpaka mtoni, na maji ya mto Ruvu ndiyo yanywewayo na Kibaha na Dar es Salaam.

Je, tufanyeje? Makatazo na askari peke yao hawatoshi. Huko Babati, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Serikali ilikusudia kuutenga msitu wa Duru-Haitemba uwe hifadhi yake, wanavijiji wasikubali. Baada ya mazungumzo, vijiji 8 vilipewa kazi ya kuutunza wenyewe. Viliweka sheria zao na walinzi wao, na msitu ukaanza kurudi. Baadaye Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilikiruhusu kijiji kutenga msitu wake, na pia kufanya mapatano na Serikali ya kutunza pamoja msitu wa Serikali. Na huko Kilosa, mradi ulioanza 2012 ulionyesha njia ya kukata kwa zamu: sehemu ya msitu wa kijiji hugawanywa vipande, na kipande kilichokatwa huachwa miaka 24 ili visiki vichipue. Ushuru wa mkaa uliingia katika mfuko wa kijiji.

Kwa hiyo twaleta mbele yenu mambo matatu. Kwanza, wanachama wetu wasikose katika Kamati za Maliasili za vijiji, na kila mapatano ya kutunza msitu yataje waziwazi fungu la kijiji. Kwani mlinzi asiyepata kitu hachelewi kugeuka mkataji. Pili, kila chama cha msingi kiwe na kitalu cha miche, ili kuni za nyumbani zitoke shambani. Tatu, nalo ni deni letu sisi viongozi: fedha za mkulima zilipwe kwa wakati. Mkulima aliyelipwa haendi msituni usiku.

Ndugu Wanachama, Chama hiki kilijengwa na watu waliokubali kuweka akiba wasiyoila siku ile ile. Msitu nao ni akiba ya namna hiyo. Watakaosimama hapa baada ya miaka 10 mingine watahesabu magunia ya korosho kama tulivyofanya leo. Twaomba wakute na miti ya kuhesabu.