Hasira Pekee Haiandiki Sheria



Tulipodai vyama vingi, hatukuishia kulalamika. Tulikitaja kifungu cha 2A, kilichotiwa katika Katiba mwaka 1982 na kutufunga ndani ya chama kimoja; tukasema kifutwe. Walioonya kwamba tutazusha ukabila tuliwajibu kwa hoja. Shinikizo lilipozidi, lililotakiwa lilikuwa wazi kwa wote; Desemba 1991 kikafutwa.

Leo Ibara ya 119 ya Katiba ya 2010 yampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge, lirekebishe au lifute sheria. Basi tuandikapo maombi hayo, tutaje kasoro moja, tuonyeshe imwumizavyo raia, tupendekeze tiba inayotekelezeka, na tumjibu mpinzani kabla hajanena. Kilio bila pendekezo husikika, kisha husahauliwa.