Vifaranga wa Namanga, umeme wa Ethiopia na reli ya Kahe

(Mada niliyoitoa kwenye kikao cha vijana hapa kata ya Engutoto. Nimeiandika karibu kama nilivyoiongea.)

 

Nimepewa mada kubwa kuliko mimi: miundombinu mikubwa na amani ya Afrika Mashariki. Naanza na jambo litakalowaudhi baadhi yenu. Machi 2025, Rais Samia akiwa Kilimanjaro alisema kanda yetu ya kaskazini itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya. Sisi mitandaoni tulicheka mpaka basi. Tuna Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, halafu tunapiga hodi kwa jirani! Mimi mwenyewe nilisambaza vikatuni vitatu.

Baadaye nikatulia nikasoma. Umeme wa Rufiji unasafiri mbali sana kufika huku kwetu, na mwingine unapotea njiani. Tanesco wenyewe walitaja hasara ya shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Na tayari kuna laini ya kilovoti 400 inayotoka Isinya, Kenya, inapita Namanga, inaingia kituo cha Lemuguru hapo nje ya jiji, kisha inaenda Singida. Ile laini inabeba umeme kwenda na kurudi. Leo tunanunua, mwaka mwingine tunauza. Majirani wanaotegemeana taa za ndani wakigombana, wote wawili wanalala giza, kwa hiyo kila mmoja anakuwa na sababu ya kukaa mezani.

Kwa hiyo tulicheka pasipo pa kucheka. Tulitakiwa kuuliza: uniti moja ni shilingi ngapi? Mkataba ni wa miaka mingapi? Bunge limeuona? Hatukuuliza hata moja. Tulikuwa bize na vikatuni.

Sasa msije mkaniona nimehama chama. Mimi siamini kwamba nguzo na lami vinaleta amani peke yake. Wazee mnakumbuka 1977. Kenya, Uganda na sisi tulikuwa na shirika moja la reli, moja la bandari, moja la ndege, na posta moja. Februari mwaka ule tukafunga mpaka na Kenya, ukakaa umefungwa mpaka Novemba 1983. Mgawanyo wa mali za Jumuiya ukaja kusainiwa hapa hapa Arusha, Mei 1984. Reli ilikuwepo muda wote huo.

Tuje karibu zaidi. Barabara ya Arusha–Namanga mpaka Athi River ilijengwa upya kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mkeka safi, mnaupita kila siku. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 waliotoka Kenya wakateketezwa pale Namanga, na ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya wakapigwa mnada. Machi 2021 Kenya nao wakazuia mahindi yetu, sababu sumukuvu. Kituo cha pamoja cha forodha kilishazinduliwa na marais wawili Desemba 2018, utepe ukakatwa, picha zikapigwa.

Mimi niliwahi kukwama na vitunguu vya Mang'ola. Sitaji mpaka wala ofisi. Niliambiwa kuna karatasi inakosekana, karatasi ambayo hakuna aliyenitajia nilipopakia. Siku tatu juani. Nusu ya mtaji ule ulikuwa mkopo wa kausha damu, na wale dada wa mikopo hawajui mambo ya mpakani, wanajua Ijumaa tu. Nilikuja kujua baadaye kwamba Jumuiya ina utaratibu mwepesi kwa mzigo usiozidi dola 2,000, kwa bidhaa zilizomo kwenye orodha yao. Wangapi humu mnaujua? Nyoosheni mikono. ... Watatu. Na makao makuu ya Jumuiya yako hapo mjini, nauli ya daladala moja!

Ndiyo maana nataka tuache kulalamika tu, tuandike pendekezo letu. La kwangu ni reli ya Kahe–Taveta–Voi, takriban kilomita 150. Wajerumani walifikisha reli ya Tanga Moshi mwaka 1911. Vita ilipokuja, Waingereza wakavuta yao kutoka Voi, kupita Taveta, mpaka Kahe mwaka 1916, ili wapitishe askari na risasi za kuja kutupigania kama mali. Vita ikaisha, ikabeba kahawa. Leo imekufa, na upande wetu treni ya abiria ilirudi Arusha mwaka 2020 baada ya miaka zaidi ya 30.

Najua ndugu zetu wa Tanga watanirukia, na wana haki. Njia ile ndiyo iliyopeleka kahawa ya Kilimanjaro Mombasa, bandari yao ikadorora. Kwa hiyo pendekezo liseme wazi: reli ya Tanga iimarishwe kwanza, mzigo wa Taita na Taveta nao uwe na ruhusa ya kushukia Tanga, na mkataba uchapishwe kwa Kiswahili kabla ya kusainiwa. Na kuwe na kifungu kimoja cha lazima: serikali ikitaka kuzuia bidhaa, itoe notisi, na mzigo ulioko njiani upite. Kifungu hicho kingeokoa vitunguu vyangu. Na wale vifaranga.

Sijui kuandika mikataba. Kamanda yeyote aliyesoma sheria abaki tukimaliza, na anayejua hesabu za reli pia. Kikao kijacho nataka tuje na kurasa nne, tuzipeleke kwa mbunge wetu na kwenye Bunge la Afrika Mashariki. Mwenye swali?