Kopo la Maziwa na Ushahidi Wake



Kutoka Malaba, karibu na Tororo, hadi Busia na vijiji vya upande wa Buhehe, mpaka wa Uganda na Kenya una vituo vya forodha na una njia za panya. Askari wa doria akikamata bangi huitambua kwa harufu. Bunduki hutambulikana kwa nambari yake. Je, akikamata makopo ya maziwa ya unga ya watoto wachanga, atajuaje kilichomo?

Kwa macho hatajua. Maziwa ya ng'ombe ya kawaida yaliyokaushwa, yakitiwa katika kopo la mtoto mchanga, ni meupe vilevile. Lakini maziwa ya ng'ombe yana kalsiamu takriban mara 4 ya maziwa ya mama, na sodiamu takriban mara 3. Figo za mtoto wa mwezi mmoja haziwezi mzigo huo. Chuma nacho ni haba mno: hakifiki miligramu 1 katika lita.

Tena kuna madini yasiyotakiwa kabisa. Huko Japani, mwaka 1955, aseniki iliingia katika maziwa ya unga pamoja na kemikali ya fosfati iliyotiwa kiwandani. Watoto zaidi ya 12,000 waliugua, na zaidi ya 100 wakafa. Kuhusu risasi (si ile ya bunduki, bali madini yenyewe), kanuni za kimataifa za chakula tangu mwaka 2014 haziruhusu zaidi ya miligramu 0.01 katika kilo ya maziwa ya mtoto yaliyo tayari kunywewa. Hiyo ni sawa na gramu 1 katika tani 100, yaani shehena ya malori 10 ya tani kumi kumi.

Maabara huchemsha maziwa kidogo katika asidi ya nitriki mpaka mafuta na protini viishe, yabaki maji maangavu yenye madini. Maji hayo hunyunyizwa motoni, na mtambo hupima mwanga unaomezwa, kwani kila aina ya madini humeza mwanga wake. Kalsiamu ni kaidi: fosfati ya maziwa huishika isionekane, na mpimaji hulazimika kutia lantanamu ili kuifungua.

Utaalamu wote huo huharibiwa na ndoo moja ya bati. Unga ukimiminwa humo, zinki ya ndoo huingia. Kijiko chenye kutu huongeza chuma, na vumbi jekundu la barabara zetu pia. Hapo mwovu huachiliwa kwa chuma ambacho hakukitia, au mfanyabiashara asiye na hatia hushtakiwa kwa uchafu wa kituo cha polisi. La pili halisemwi sana, nalo ni baya sawa na la kwanza.

Kwa hiyo kopo lililofungwa libaki limefungwa. Litiwe lakiri mbele ya mwenyewe, na nambari ya fungu la utengenezaji iandikwe. Yachukuliwe makopo kadhaa ya fungu moja: moja liende maabara, jingine lihifadhiwe mahali pakavu, kwa kuwa mshtakiwa anaweza kuomba kipimo cha pili.