Mgeni Asiyeshika Jembe



Mwezi Mei mwaka 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walifurika Kagunga, kijiji chetu cha mpakani ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Maji safi na vyoo havikutosha, kipindupindu kikazuka. Meli kongwe MV Liemba iliwaleta Kigoma mjini, na baadaye katika kambi ya Nyarugusu watu wakapewa chanjo ya kunywa.

Chanjo huwafundisha askari wa mwili kumtambua adui kabla hajafika. Je, tumbo likiwa na minyoo, askari hao husikia somo?

Tumezoea kusema kuwa minyoo humla mtoto chakula chake, na safura humnyonya damu. Ni kweli, lakini kuna jingine. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mnyoo ni mgeni anayetaka kukaa miaka bila kushika jembe. Ili asifukuzwe, hutoa kemikali zinazowatuliza askari wa mwili. Askari wakisinzia, viini vya maradhi mengine navyo hupata upenyo.

Utafiti wa Ecuador uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa watoto wenye minyoo waliopewa dawa kabla ya chanjo ya kipindupindu walielekea kuipokea vizuri zaidi. Hapa nchini, utafiti wa Kyela wa mwaka 2016 ulikuta wenye minyoo ya matende wakiambukizwa virusi vya UKIMWI takriban mara mbili ya wenzao.

Hata hivyo, tusikifanye kidonge kuwa dawa ya kila kitu. Huko Entebbe, Uganda, wajawazito walipewa dawa za minyoo, lakini matokeo ya mwaka 2011 hayakuonyesha kwamba watoto wao walizipokea chanjo vizuri zaidi.

Basi mzazi wa Ujiji, mpeleke mtoto akachanjwe kwa wakati, usingoje minyoo iishe. Siku ya dawa ya minyoo shuleni, usimfiche nyumbani. Na sote tutumie choo. Kinyesi chenye mayai ya kichocho kikiingia ziwani, konokono hulea vijidudu vinavyotoka humo, navyo hupenya ngozi ya anayefua au kuoga. Kidonge humtoa mgeni. Choo humfungia mlango.

Hadi wiki ijayo, kwa heri.