Vicheko Vilivyopotea



Mwaka 1927 wachekeshaji Stan Laurel na Oliver Hardy, yule mwembamba na yule mnene, walitoa huko Marekani sinema ya bubu iitwayo Hats Off. Walihangaika kupandisha mashine ya kufulia nguo kwenye ngazi ndefu ili wakaiuze, na mwisho wake barabara nzima ikaingia katika ugomvi wa kuvuana kofia. Leo haijulikani nakala hata moja iliyobaki. Zimebaki picha za mnato na maelezo tu.

Haiko peke yake. Uchunguzi wa Maktaba ya Bunge la Marekani wa mwaka 2013 ulionyesha kuwa katika sinema ndefu za bubu za nchi hiyo, zipatazo 11,000, takriban asilimia 70 zimepotea kabisa. Sinema za sauti zilipoingia, zile za kimya zilionekana hazina bei. Nyingine ziliungua, nyingine zikayeyushwa ili kupata madini ya fedha.

Utauliza: yanatuhusu nini sisi watu wa Tanga? Kati ya mwaka 1935 na 1937, humu humu mkoani, Vugiri katika milima ya Usambara, mradi ulioongozwa na Waingereza Notcutt na Latham ulitengeneza sinema zipatazo 35 za kuwaonyesha Waafrika. Picha zilikuwa kimya. Maneno yalirekodiwa kwenye santuri. Zinazojulikana kubaki ni tatu tu, nazo ziko London: ya utabibu wa mifugo, ya safura na ya mashamba ya Kingolwira. Ile ya Benki ya Akiba ya Posta, iliyomlinganisha mweka akiba na mficha fedha, haimo.

Lakini tusinyooshee wengine kidole. Niliwahi kumrekodi bibi mmoja wa Mwera, Pangani, akisimulia huku akicheka sinema za gari alizotazama utotoni. Kipindi kilipokwisha kutangazwa, kanda ile ilifutwa ili irekodiwe hotuba. Kanda zilikuwa haba, nami sikupinga. Bibi amekwisha fariki, na kicheko chake hakipo tena.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kama kabatini mwako kuna kanda, santuri au picha ya wazee, andika leo jina, mahali na mwaka, maadamu yupo wa kumwuliza. Wahenga walisema akiba haiozi. Hii ya picha na sauti huoza, tena upesi.

Hadi juma lijalo, kwaheri.