Mkono Mwepesi Kwenye Hatamu

Leo nataka tuzungumze juu ya kazi ambayo wachache wetu hapa Kenya wameifanya: kazi ya kuwaongoza watoto wanaojifunza kupanda farasi. Wengi wetu farasi tumemwona kwa mbali tu, labda katika gwaride, au kwenye mashindano pale Ngong, au ufukoni Mombasa akiwatembeza wageni. Lakini kazi hiyo ina mafundisho kwa kila mtu aliyepewa mtoto kumlea.

Huko Marekani iko desturi ya kuwapeleka watoto kambini wakati wa likizo ya kiangazi. Mara nyingi husemwa kwamba desturi hiyo ilianza mwaka wa 1861, mwalimu mmoja wa Connecticut, Frederick Gunn, alipowachukua wanafunzi wake kwenda kuishi katika mahema. Siku hizi shule zinapofungwa, kati ya Juni na Agosti, watoto wengi sana huenda kambini. Huogelea, hupiga makasia, na katika kambi nyingi hufundishwa kupanda farasi.

Sasa mfikirieni yule mtu anayesimamia farasi katika kambi kama hiyo. Wazazi wamemwachia watoto wao na kurudi nyumbani. Naye kila asubuhi humchukua mtoto wa kilo 30 na kumweka juu ya mnyama wa kilo 500. Tafakari hesabu hiyo, ndugu yangu. Hakuna mtoto, wala mtu mzima, awezaye kumshinda farasi kwa nguvu. Je, mtoto atafundishwa nini basi?

Somo la kwanza hufanyika chini, wala si juu ya tandiko. Mtoto huelezwa kwamba farasi ni mnyama ambaye kinga yake ni kukimbia. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote, isipokuwa mahali padogo mbele ya paji la uso na nyuma ya mkia wake. Ukimjia kutoka nyuma kimya kimya, hushtuka na kupiga teke. Basi mtoto hufundishwa kumkaribia upande wa bega, huku akisema naye kwa sauti ya utulivu. Humpiga brashi, na kujifunza kusafisha kwato. Ndipo huvaa kofia ngumu na viatu vyenye kisigino, ili mguu usipenye katika kikuku akaburutwa. Na kiongozi hukagua mkanda wa tandiko mara mbili, kwa maana wako farasi wajanja wanaojaza tumbo pumzi wanapofungwa, na baadaye mkanda hulegea.

Somo la pili ni la mkono. Lijamu hukaa kinywani mwa farasi, mahali pasipo na meno, juu ya nyama laini. Mtoto mwenye hofu huvuta hatamu kwa nguvu zake zote. Farasi huumia, hutupa kichwa juu, na mtoto huzidi kuogopa na kuzidi kuvuta. Farasi akitendewa hivyo siku nyingi, kinywa chake huwa kigumu, asisikie tena hata akivutwa na mtu mzima. Wako pia watoto wanaovuta hatamu na kumpiga farasi kwa visigino wakati huo huo. Mkono unasema, "Simama!" Mguu unasema, "Nenda!" Mnyama afanye nini? Wazazi wenzangu, ni mara ngapi tumemwambia mtoto maneno mawili yasiyopatana, kisha tukamwadhibu kwa kuchanganyikiwa?

Somo la tatu ni la kiongozi mwenyewe. Farasi huhisi hata inzi mmoja akitua juu ya ngozi yake. Vivyo hivyo huihisi hasira ya mtu aliye karibu naye. Xenophon, Myunani aliyekuwa askari, aliandika juu ya jambo hili katika karne ya nne kabla ya Kristo. Alionya kwamba mtu asimshike farasi akiwa na hasira. Tena, alipoeleza jinsi mwana-farasi anavyotakiwa kuwa kabla ya kupelekwa kwa mfundishaji, alitumia neno la Kiyunani ambalo ni lile lile la wapole katika Mathayo sura ya tano. Mwana-farasi huyo si dhaifu. Nguvu zake anazo zote, bali hana hofu na mtu.

Hapo ndipo kiongozi hupimwa. Watoto kumi na wawili wamepanga mstari, kengele ya chakula iko karibu kulia, na mtoto mmoja analia, hataki kupanda. Njia fupi ni kumwinua kwa nguvu na kusema, "Wenzako wote wamepanda!" Kiongozi mwema hafanyi hivyo. Humpa kamba, amwongoze farasi kwa miguu. Kesho humwacha amlishe. Labda siku ya nne atapanda; labda hatapanda kabisa mwaka huu. Lakini atarudi nyumbani bila hofu iliyopandwa na mtu aliyeaminiwa.

Iko pia siku ya kuachia kamba. Mwanzoni kiongozi hushika kamba na kutembea kando ya farasi. Asipoiachia kamwe, mtoto hubaki mzigo tu juu ya mgongo wa mnyama. Akiiachia mapema mno, mtoto huvunjika mkono. Kitabu hakiwezi kumwambia siku yenyewe. Ni lazima amtazame mtoto huyu, si mwingine, mpaka amjue.

Alikuwako mama mmoja wa Denmark, Lis Hartel. Mwaka wa 1944 alipatwa na polio, na tangu magotini kwenda chini miguu yake haikupona. Hata hivyo, katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki, mwaka wa 1952, alishindana pamoja na wanaume na kupata medali ya fedha, ingawa alihitaji kusaidiwa kupanda na kushuka. Nguvu za miguu hakuwa nazo. Farasi alimsikiliza kwa sababu nyingine.

Ndugu wapendwa, mwezi wa Agosti na Desemba makanisa yetu nayo hufanya kambi za watoto. Ninyi walimu wa shule ya Jumapili, nanyi wazazi, mkumbuke kwamba Yakobo, katika sura yake ya tatu, alitaja lijamu ya farasi alipokuwa akifundisha juu ya ulimi. Kitu kidogo hugeuza mwili mkubwa. Basi juma hili, kabla hujampazia mtoto sauti, uliza kwanza: je, mkono wangu ni mwepesi, au nimeanza kukifanya kinywa chake kuwa kigumu?

Bwana awape subira, na awalinde watoto wenu. Kwaherini.