Anayepigiwa Naye Analipa

Msikilizaji, tangu simu za mkononi zituenee, kuna utaratibu mmoja uliowabeba sana watu wa kipato cha chini: anayepiga ndiye anayelipa. Bibi wa Kibondo mwenye kitochi na salio sifuri alikuwa anapatikana saa yoyote. Akiwa na neno, anabipu, mjukuu aliyeko Dar es Salaam anaona namba, anapiga, wanaongea. Simu ya intaneti imeufuta utaratibu huo, na sijasikia mtu akiulilia.

Ukimpigia mtu kwa WhatsApp, bando linaliwa pande zote mbili, lako na lake. La kwake likikata, ndiyo hayupo tena. Simu yake imewaka, ameishika mkononi, lakini haiiti. Wewe huku unajaribu mara mbili, mara tatu, kisha unawaambia ndugu kwamba mama hapokei. Hajui hata kama ulimtafuta! Na hapo nazungumzia mama mwenye simu janja. Mwenye kitochi tumeshamtoa kwenye mazungumzo ya ukoo, na siku hizi hata habari ya posa anaisikia kwa majirani.

Sikatai kwamba huduma hii imetufaa. Kabla WhatsApp haijaanza kupigisha simu mwaka 2015, aliyeko ughaibuni alihesabu kila dakika ya kuongea na nyumbani. Leo anaongea saa nzima. Anaongea vipi, hilo ni jambo jingine. Sauti hukatwa vipande vidogo sana, kila kipande kikasafiri kivyake, na kinachochelewa mno hutupwa. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linapendekeza sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili. Ikichelewa sana kuliko hapo, watu wanaanza kuingiliana. Kwenye soga za kawaida tunavumilia. Lakini jaribu kumpa pole mfiwa kwa simu ya namna hiyo: unasema "pole", kimya, unarudia, kumbe alikuwa anakujibu, mnanyamaza wote wawili.

Kisha njia yenyewe ni ndefu. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na kwa majirani. Mtu wa Kariakoo akahangaika kumpata mwenzake wa Mbagala kwa WhatsApp, ilhali simu ya kawaida ilikuwa inaita. Oktoba 4, 2021, WhatsApp yenyewe ilizimika kwa saa kama sita, dunia nzima. Nako Oman na Falme za Kiarabu, wanakofanya kazi za ndani mabinti wengi kutoka huku kwetu, kwa miaka mingi simu za WhatsApp zimekuwa zikizuiwa. Binti anatuma ujumbe wa sauti, mama anajibu kesho yake. Binti mwenye shida kwenye nyumba ya watu anahitaji kujibiwa papo hapo.

Na nyumba ikiwaka moto, WhatsApp haikufikishi 114 kwa zimamoto, wala 112 kwa polisi.

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwa kampuni za simu na kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA: tafuteni njia ili simu ya intaneti inayoingia isile bando la anayeipokea, kama ilivyo kwa simu ya kawaida. Kama hilo ni gumu, basi bei ya dakika za kawaida isiachwe ipande kwa hoja kwamba watu wamehamia kwenye intaneti. Waliobaki huko ndio wasio na pa kuhamia.

La pili ni kwako wewe unayenisikiliza mjini. Kifurushi ulichonunua, mara nyingi, kina MB na dakika. MB unazimaliza mapema. Dakika zinakaa mpaka muda wake unakwisha, nawe umeshazilipia. Mpigie mama kwa dakika hizo.